Liweke Neno Akili Ingali Nyumbani

Mwaniuliza nilisomea wapi uuguzi. Nilisomea jikoni, wajukuu zangu. Chuoni nilifika Juzuu Amma nikatolewa nikaolewa, na skuli ya Wazungu niliijua kwa nje, nikipita. Lakini miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru, hapa Likoni, mtu akiwa na mzazi amelala kitandani hawezi hata kujigeuza, aliambiwa, "Mwite Mwanasiti." Mwanasiti ndiye mimi. Nikija na kanga zangu mbili na mafuta yangu ya nazi, na domo langu pia, maana mgonjwa hapakwi mafuta peke yake, apakwa na maneno.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuisema. Mgonjwa asilale ubavu mmoja tangu alfajiri hadi adhuhuri, atafanya vidonda. Uji uwe mwepesi, na umwinue kichwa kwanza, usimtie mtu uji amelala chali kama wajaza chupa. Ukimwosha, mfunike pale usipoosha. Hayo yote nilifunzwa na somo yangu, Bi Rehema, mwanamke mrefu mkali, aliyeuguza nusu ya Likoni na kuzika nusu ya pili.

Na lipo moja alilonipigia kofi. Siku za mwanzo nilimuuliza bibi mmoja mgonjwa wa kusahau, "Bibi, wanijua mimi ni nani?" Yule bibi akaanza kulia. Bi Rehema akanivuta ukumbini, kofi! Akaniambia, "Mtu aliyepotewa na akili humfanyii mtihani. Jitaje mwenyewe. Sema, ni mimi Mwanasiti, nimekuja na uji. Ukimuuliza wanijua, na hakujui, umemvua nguo." Mpaka leo mkiwaona vijana wa hospitali wamemzunguka mzee, kila mmoja "wanijua? wanijua?", mjue hawakupigwa kofi mapema.

Sasa nawaambia habari iliyoniondolea usingizi kuliko zote. Lakini kwanza ilikuwako ya mzee mmoja wa Kisauni, Mzee Bakari, niliyemuuguza nikiwa mwanagenzi. Mzee huyu kila siku akiniambia, "Mwanasiti, nikizidiwa wasinitoe hapa. Nikae na mke wangu mdogo, wasinipeleke kwa ndugu zangu." Ndiyo mzee, nikamwambia, nimesikia. Akazidiwa, ulimi ukafunga. Ndugu wakaja na machela. Mke mdogo akalia, akanielekezea kidole: muulizeni Mwanasiti! Nikaulizwa. Nikasema alivyosema. Ndugu mkubwa akacheka kidogo tu, akasema, "Maneno ya mgonjwa kwa yaya." Wakambeba. Mimi nikabaki na bakuli la uji mkononi. Maneno nilikuwa nayo, ila yalikuwa kwenye sikio moja, tena sikio la yaya. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa maneno ya mdomo.

Ndiyo maana Bi Zuwena aliponiita, niliogopa kabla hajamaliza kusema.

Bi Zuwena alikuwa mjane, nyumba yake nyuma ya msikiti, ya mawe na makuti, safi utalamba. Hakujaaliwa kuzaa. Alimlea msichana, Mishi, tangu ana siku arubaini, mamake alipokufa. Mishi alikuwa mkubwa sasa, mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kaachika, yuko pale pale nyumbani. Damu ya Bi Zuwena iliyobaki duniani ilikuwa moja tu, Athmani, mtoto wa ndugu yake, mfanyakazi wa bandarini, akikaa Changamwe.

Akanikalisha, akanipa kahawa. Nikainywa. Ilikuwa na chumvi. Nikainywa yote, sikusema. Yeye akaniangalia, akasema, "Nimetia chumvi, sivyo?"

Nikasema kidogo.

"Usinidanganye, Mwanasiti. Mamangu alianza hivi hivi. Kwanza chumvi. Kisha ukampotea mlango wa choo. Kisha akawa yuwatoka uchi barabarani, wakamfunga kamba mguuni, wakaifunga kwenye kitanda. Mamangu, mtu wa heshima zake, afungwa kama mbuzi wa Idi. Mimi mwanamke, sikuwa na kauli. Mimi sitaki kamba. Wala sitaki kupelekwa bara kwenye ile hospitali ya wendawazimu, nife sijui hata lugha ya anayenifunga macho. Nataka Mishi aniangalie, humu humu ndani."

Nikamuuliza, na Athmani?

"Athmani kashasema. Shangazi ukizidi nitakupeleka bara, kuna madaktari. Na yeye ndiye damu. Mishi ni mtoto wa kulea, mbele ya sheria ni mpita njia."

Basi jambo likawa hilo. Bi Zuwena ana akili, lakini yaondoka kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Kabla haijaisha aweke neno lake mahali patakaposhika. Ikiisha kabla, kauli ni ya Athmani. Na ufa ule hakuna aliyejua ukubwa wake.

Tukashauriana mimi na Mishi, wanawake wawili wajinga wa sheria, tukasema hii ndogo, aandike wasia. Nani asiyejua wasia? Tukavuka feri tukaenda mjini kwa kadhi, Bi Zuwena kavaa buibui jipya, nasi tumemshika huku na huku kama bi harusi.

Kadhi alikuwa mtu mzima, mpole, ana kikohozi. Akasikiliza. Bi Zuwena alipomaliza, akamwambia, "Bibi, wasia hauamki mpaka wewe ulale. Wasia ni wa mtu akishakufa. Wewe wazungumza habari za uhai."

Mimi nikarukia, ingawa sikuulizwa. Nikasema basi, sheikh, amfanye Mishi wakili wake.

Akaniangalia juu ya miwani. "Uwakili ni mkono wa mtu mwenye akili. Yeye amtuma Mishi, kwa sababu mwenyewe aweza kujituma. Siku akili ikiondoka, na uwakili waondoka, siku hiyo hiyo. Mkimfanya wakili leo, atamfaa leo, aende benki, aende posta. Ile siku mnayoiogopa hatamfaa."

Wallahi niliona ukumbi wazunguka. Wasia waamka baada ya kifo, uwakili wafa na akili. Na pale katikati, ambapo mtu yu hai lakini hayupo, hapana kitu? Bi Zuwena akauliza hilo hilo, kwa sauti ndogo, na katikati je?

Kadhi akakohoa, akasema katikati ni kwake yeye. Mtu akipotewa na akili, korti huweka msimamizi wa kumwangalia, na kwa kawaida hutazama damu kwanza. Lakini mtu akija mwenyewe, akili timamu, mbele ya mashahidi wawili, akasema nikifika hapo namtaka fulani, na nifanyiwe hivi, nisifanyiwe hivi, basi neno lake laandikwa, latiwa muhuri, na siku ya kuchagua msimamizi yeye kadhi atalisikiza hilo kwanza kabla ya kumsikiza mtu. Haliwi amri, alisema. Anayetajwa akionekana ana madhara atamwondoa. Lakini ni neno, na lina uzito.

Tukafurahi. Nikashika peni kwa macho. Kumbe hajamaliza.

"Tatizo ni moja," akasema. "Kijana wako Athmani alikuja hapa juzi. Amesema shangazi yake akili imekwisha ondoka. Nikiandika leo, kesho atasema nimeandika maneno ya asiye na akili. Leteni barua ya daktari. Daktari akisema akili anayo, hakuna wa kulivunja."

Akatupa siku, Jumatatu ya wiki ya pili.

Wajukuu zangu, mimi nimezalisha, nimeosha maiti, nimekaa na mwenye pepopunda. Sijaogopa kama nilivyoziogopa siku zile. Kila asubuhi naingia kwa Bi Zuwena natazama macho yake kabla ya kusalimu. Hii ni elimu, ishikeni: akili ya mgonjwa wa kusahau ina saa zake. Ya Bi Zuwena ilikuwa nzuri asubuhi akishakunywa chai, ikachoka jua likipanda, ikarudi tena alasiri akishalala kidogo. Ukimtaka kwa jambo, mtake saa zake, usimtake saa zako. Nikaanza na kumfundisha. Bi Zuwena, leo siku gani? Mwezi gani? Liwali ni nani? Siku ya pili akanitupia kata ya maji. "Wanifanya mtoto wa chuo? Na bakora iko wapi?" Nikaacha. Nikamwambia Mishi akiwa na akili ya kutupa kata na kulenga, yungali mzima.

Daktari Mzungu alikuwa akija kwenye dispensari moja ya huku kwetu Alhamisi kwa Alhamisi. Jina la dispensari silitaji, watu wake wana wajukuu. Tukaenda baada ya adhuhuri, tumekusudia alasiri, saa yake nzuri. Mvua ya masika ikamwagika. Daktari hakuja. Alasiri ikapita. Bi Zuwena kaegemea ukuta, nami namwona kope zikishuka, roho yangu nayo yashuka. Tukamlaza kwenye benchi, nikamfunika kanga, nikamwambia Mishi asimwamshe. Daktari akaja jua limezama, kalowa mpaka magoti. Adhana ikatoka, tukaswali pale pale pembeni, na Bi Zuwena akaswali nasi, rakaa tatu sawasawa, sikumsaidia hata moja. Nikasema alhamdulillahi, akili imerudi.

Tukaingia. Aliyefasiri alikuwa dresa wa pale, Josefu, kijana wa bara, Mkristo, mtu mwema kabisa, akifunga vidonda kama mwanamke. Kiswahili chake kilikuwa cha kutosha vidonda.

Daktari akauliza, Josefu akafasiri: leo ni siku gani?

"Ijumaa," akasema Bi Zuwena.

Mwezi gani?

"Mfunguo tatu."

Una watoto wangapi?

"Mmoja. Huyo hapo."

Akaulizwa na mengine, anyooshe mkono, afunge macho, akafanya yote. Tukatoka nje, kichwa changu kimepanda juu, nikamkumbatia Mishi. Kajibu kama maji! Kisha Josefu akatuletea bahasha imefungwa, akaninong'oneza, "Pole sana, mama."

Pole ya nini? Nikamuuliza. Akasema ni siri ya daktari, akarudi ndani.

Sasa hebu niambieni, ningelala vipi? Bahasha ikakaa kwangu chini ya mto tangu siku ile hadi Jumatatu. Nikaishika kwenye mvuke wa birika, nikairudisha. Hata ningeifungua, ni Kizungu. Mishi yuwauliza, khala, pole ilikuwa ya nini? Namwambia labda ya mvua. Nami moyoni nasema, labda mimi ndiye sikuona. Labda kwa kumpenda, nasikia akili pasipo akili. Hilo ndilo lililonitia hofu zaidi, kwamba mimi, Mwanasiti, jicho langu limeharibika kwa mapenzi. Na Jumamosi asubuhi Bi Zuwena akasimama katikati ya ua, sufuria mkononi, akaniuliza jiko liko wapi. Lilikuwa mbele yake.

Jumatatu tukavuka. Kwenye feri akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia kwa kadhi. Hatukufika katikati akauliza tena. Tulipoteremka akauliza tena. Mishi alikuwa ameshalia mpaka ushungi umerowa. Mimi nikafanya nililofunzwa, sikumuuliza kitu, nilimtajia tu. Huu ndio mjini, Bi Zuwena. Hii ndiyo barabara uliyokuwa ukijia harusi za watu. Hapa ndipo ulipovunja kiatu siku ile. Pole pole akashika uzi. Tulipofika mlangoni alikuwa yuwanikosoa, kwamba kiatu hakikuvunjika pale, kilivunjika kule mbele.

Ndani tukamkuta Athmani. Mtu wa mwili, shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Akamwamkia shangazi yake shikamoo kwa adabu, na mimi akanipa mkono bila kunitazama. Mashahidi walikuwa majirani zetu wawili wa Likoni.

Kadhi akampa karani bahasha afungue. Karani akasoma kwanza kimya, kisha akafasiri. Daktari amesema mwanamke huyu hajui wakati alio nao. Ameulizwa siku, amesema Ijumaa, na ilikuwa Alhamisi. Ameulizwa mwezi, amesema wa tatu, Machi, na ulikuwa Mei. Ameulizwa watoto, amesema mmoja, na yeye hakuzaa kabisa. Kwa hiyo daktari aona akili yake si ya kutegemewa katika maamuzi.

Athmani akainamisha kichwa. Hakufurahi, nitasema haki. Mishi akashika ukuta.

Mimi nikabaki na yale maneno masikioni. Ijumaa. Wa tatu. Mmoja. Nilikuwapo! Niliyasikia, nikaona ni sawa, nikatoka nimefurahi. Basi na mimi ni mwendawazimu? Nikayarudia, Ijumaa, Ijumaa, na ghafla nikaisikia ile adhana.

Nikasema, "Sheikh, ilikuwa baada ya magharibi."

Karani akaacha peni. Kadhi akaniuliza kama adhana ilikuwa imekwisha toka. Nikamwambia tuliswali kwenye benchi la dispensari, na Bi Zuwena aliswali.

Maana nyinyi wa siku hizi mwangoja saa sita ya usiku ndipo siku igeuke, kama Wazungu. Sisi jua likizama siku imekwisha. Jioni ile ya Alhamisi ni usiku wa Ijumaa, watu wasoma Yasini. Bi Zuwena ameijua siku kuliko aliyemuuliza.

Kadhi akaanza kucheka, kikohozi kikamkamata, akaletewa maji. Akamwambia karani, "Daktari ndiye aliyechelewa siku." Kisha akauliza ule mwezi alisemaje, kwa mdomo wake. Nikasema alisema mfunguo tatu. Mashahidi wote wawili wakaitikia kwa vichwa, maana mfunguo tatu ulikuwa ndio huo, mwezi wa Hija, mahujaji walikuwa wamekwisha safiri. Sisi twahesabu miezi tangu Ramadhani ifunguliwe. Josefu masikini, kwao bara mwezi wa tatu ni Machi, akafasiri alichokijua.

Athmani akasema kwa upole, "Na mtoto je, sheikh? Shangazi hakuzaa."

Kadhi akamgeukia Bi Zuwena mwenyewe. Sasa hapana wa kumjibia, na sikujua uzi bado yuko nao au umemponyoka. Akamuuliza, "Bibi, huyu Mishi ulimzaa?"

Bi Zuwena akamtazama kadhi, akamtazama Athmani.

"Kuzaa sikuzaa. Niliulizwa watoto au niliulizwa uzazi?"

Shahidi mmoja akageuza uso asionekane akicheka. Kadhi akasema yatosha, karani aandike kwamba maswali yameulizwa upya hapa, na majibu yamekubaliwa. Kisha akatutoa nje sote, mimi, Mishi na Athmani, akabaki na Bi Zuwena, karani na mashahidi. Alisema hataki mtu ambaye Bi Zuwena anaweza kumtazama usoni kabla ya kujibu. Hilo nalo lishikeni. Mtu akitoa neno lake la mwisho wa akili, wanaomtaka na wasiomtaka wakae nje.

Nje palikuwa na benchi moja. Mishi akakaa ncha ile, Athmani ncha hii, mimi katikati kama ukuta. Tukakaa. Ndani twasikia sauti, maneno hatuyasikii. Nilihofu atasahau katikati ya sentensi.

Athmani akaanza kusema, bila ya mtu kumuuliza, yuwatazama kofia yake. "Mwaniona mbaya. Bibi yangu alipofungwa, nilikuwa mtoto. Unajua nani aliishika ile kamba wakati babangu yuwafunga fundo? Mimi. Nilimshika mguu. Ulikuwa mwembamba kama wa kuku. Nikisema hospitali nasema hivyo, kule kuna vitanda na madaktari, hawafungi kwa kamba."

Nikamwambia, "Wafunga kwa kitu gani?"

Mimi mwenyewe sikuwa najua. Nilisema tu kumkata, na mpaka leo najuta kidogo.

Bi Zuwena akatoka, mashahidi nyuma yake, karani akampa Mishi karatasi ina muhuri, imeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Bi Zuwena akasema ana njaa. Tukamnunulia mahamri.

Haukupita mwaka akili ikenda moja kwa moja. Kadhi alituma mtu kumwona, akawaita Mishi na Athmani, akamweka Mishi msimamizi kama ilivyoandikwa. Athmani alinuna. Lakini kila Ijumaa akija na samaki wake, wamefungwa kwenye gazeti, gazeti lote siku hizo ni mwambao na uhuru, nani atawale nani aondoke. Bi Zuwena hajui uhuru hajui mkoloni. Yuko nyumbani kwake, Mishi amwosha, mimi namlisha, kamba hakuna. Mlango wa nje tuliufunga kwa komeo la juu asilolifikia, vyumba vyote tukaviacha wazi azunguke apendavyo. Nikaona tumemaliza. Nikapumua.

Halafu ikaja Ijumaa moja, Athmani amefika na samaki, akatukuta uani. Bi Zuwena amesimama mlangoni, mwiko mkononi, amwelekezea Mishi.

"Mtoeni mwizi huyu! Ameingia kwangu, avaa kanga zangu. Mtoeni! Simtaki!"

Mishi alikuwa na damu kwenye nyusi. Nikajaribu yote. Nikamtaja, huyu ni Mishi, Bi Zuwena, mtoto wako. Akazidi. Akamwona Athmani, akamkimbilia, akamshika shati. "Kaka, nitoe hapa." Alimdhani ndugu yake, babake Athmani.

Athmani akamkumbatia. Akanitazama juu ya kichwa chake, na safari hii alinitazama sawasawa. "Umesikia, Bi Mwanasiti? Mwenyewe asema hamtaki. Yule wa kwa kadhi mlimsikiza. Huyu wa leo si mtu? Huyu hana neno?"

Wajukuu zangu, alisema kweli. Nilikuwa namwona mtu ahofu, alia, aomba kutolewa, nami nimeshikilia maneno ya mtu mwingine aliyekuwa na sura hiyo hiyo mwaka jana. Ni yupi Bi Zuwena? Na kama ni huyu, basi tangu lini nimekuwa namfunga kwa karatasi badala ya kamba?

Mishi akaingia ndani kwa mlango wa nyuma, akarudi na ile karatasi. Hakuna aliyewahi kuisoma yote. Kortini lilisomwa jina la msimamizi tu na habari ya kamba na ya hospitali. Mimi herufi nazijua, lakini mwandiko wa karani ulikuwa nyayo za kuku, na Mishi ndiyo kabisa. Akampa Athmani, akamwambia, "Kaka, soma wewe. Ikiwa yasema nitoke, nitatoka."

Athmani akasoma kwa mkono mmoja, mkono wa pili kamshika shangazi yake. Akasoma kimya mpaka chini. Akarudi juu kidogo. Kisha akasoma kwa sauti, sauti yake imeharibika:

"Na nikifika kumfukuza Mishi, kwa kuwa mamangu alinifukuza mimi, asigombane nami. Atoke, akae barazani. Nitasahau, sitakawia. Kisha abishe hodi aingie kama mgeni. Mgeni sijapata kumfukuza."

Mishi akafuta nyusi kwa upindo wa kanga, akazunguka nje, akakaa barazani. Athmani akamkalisha shangazi yake kwenye kiti, akampapasa mkono, akampa samaki wale awashike. Bi Zuwena akawahesabu, akawahesabu tena. Mwiko ukashuka magotini, ukaanguka chini. Mimi nimesimama, nikijiambia, je, asiposahau? Sahau, Bi Zuwena. Maisha yangu yote naomba watu wakumbuke, siku ile moja niliomba mtu asahau.

Tukasikia nje, "Hodi."

Bi Zuwena akainua kichwa. "Nani?"

"Ni mimi, Mishi."

"Karibu, mwanangu, karibu ndani. Umepishana na mwizi hapo nje? Nimemtoa sasa hivi."

"Nimepishana naye, mama," Mishi akasema, akivua viatu. "Amekwenda zake."